Dodge Charger ya 1968 kwa kipimo cha 1/25: mwongozo kamili wa kuunganisha modeli, kuanzia boksi hadi kabatini

Karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya boksi la modeli ya gari karibu kila mara huanza na injini. Gundisha nusu mbili za bloku, weka silinda hedi, weka kabureta, endelea. Ukiifuata hivyo hivyo utapata injini nzuri, chasisi nzuri na viti vizuri, kisha utafika kwenye bodi umeshachoka na una hamu ya kuliona gari limesimama. Rangi itapulizwa kwa pupa, na rangi ya pupa ndiyo kitu cha kwanza ambacho kila mgeni atakiona kabatini. Kwa hiyo hapa tunapindua mpangilio. Bodi inatangulia, na injini inajengwa wakati rangi ya bodi inakauka.

Gari nililolichukua kama mfano ni Dodge Charger ya 1968, kwa sababu ina karibu kila tatizo utakalokutana nalo kwenye magari ya misuli (muscle cars) ya Marekani: bodi iliyobana kiunoni na kutanuka matakoni, nikeli nyingi, yaani ule mng'ao wa kromu wa bampa na rimu, injini kubwa ya V8 (silinda nane) na milia ya stika mkiani. Kundi hili la magari kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Pontiac GTO ya 1964. Pontiac walichukua injini ya inchi za ujazo 389, takriban lita 6.4, iliyokuwa ya magari yao makubwa, wakaiweka ndani ya Tempest iliyokuwa ndogo zaidi. Wengine wote wakafuata njia hiyo. Charger R/T ya 1968, lile toleo la kasi, ilitoka na injini ya 440 Magnum yenye nguvu za farasi 375, na mwenye fedha aliweza kuagiza 426 Hemi ya farasi 425. Mbinu zilizomo humu utazitumia vilevile kwenye Camaro, Chevelle, Mustang au GTO, na penye tofauti nitaitaja.

Kuchagua boksi

Vipimo viwili vimetawala magari haya: 1/25 na 1/24. Charger halisi ina urefu wa inchi 208, yaani karibu mita 5.28. Kwa 1/25 inakuwa milimita 211, kwa 1/24 ni milimita 220. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini kwenye vipuri inaonekana, kwa hiyo usinunue injini ya 1/24 ukitegemea ikae sawasawa kwenye gari la 1/25. Kipimo cha 1/25 ni cha Kimarekani hasa. Kampuni kama AMT, iliyoanza 1948 huko Michigan, zilianza kwa kutengeneza magari madogo ya kuwekwa kwenye maduka ya kuuzia magari, na kipimo hicho kikabaki hata baada ya kugeukia modeli za kuunganisha. Revell wanayo Charger ya 1968 kwa 1/25, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza na gari hili.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kulipa ni umri wa kalibu. Boksi linaweza kuwa jipya, lenye picha inayong'aa, huku kalibu iliyomwaga plastiki ikiwa ya miaka ya 1960. AMT na MPC, majina ambayo sasa yako chini ya kampuni ya Round 2, hutoa tena mara kwa mara seti za zamani. Si mbaya, nyingine zina umbo zuri kuliko za leo, lakini tegemea plastiki iliyovuja pembeni mwa vipande, mishono mikubwa na ekseli ya chuma inayopenya katikati ya injini. Kwa gari la kwanza, tafuta seti ya kalibu ya karibuni.

Angalia pia kama mwaka ulioandikwa kwenye boksi unalingana na plastiki iliyo ndani. Charger ya 1968 ina taa nne za duara nyuma na taa ndogo za duara ubavuni. Ya 1969 ina taa ndefu nyuma, za ubavuni ni za mstatili, na shoo ya mbele imegawanywa katikati. Taa hizo za ubavuni ni kipimo kizuri cha mwaka kwa gari lolote la Marekani: sheria ya usalama ilizilazimisha kuanzia 1968, kwa hiyo gari la 1967 halitakiwi kuwa nazo.

Sisi wa Afrika Mashariki wengi tunaagiza kwa mtandao. Boksi la plastiki linasafiri bila shida, ila makopo ya rangi ya kupuliza ni mzigo wa hatari kwenye ndege na wauzaji wengi hawayatumi. Panga rangi kabla ya kuagiza gari, isije seti ikakaa miezi kabatini ikisubiri kopo moja.

Vifaa

Huhitaji vingi. Koleo ndogo ya kukatia yenye mdomo bapa, kisu chembamba chenye wembe wa kubadilisha, kibano, vijiti vya meno, pamba za masikio, tepu ya karatasi ya mafundi rangi, na msasa wa maji. Msasa usiutafute kwenye maduka ya modeli. Duka la rangi za magari lina namba 400, 600, 1000, 1500 na 2000, na karatasi moja moja inakutosha gari zima.

Gundi ziwe tatu, kila moja na kazi yake. Ya kwanza ni gundi nyepesi ya plastiki, kama Tamiya Extra Thin, ambayo haibandiki bali inayeyusha kingo za vipande viwili na kuviunganisha viwe kitu kimoja. Unashika vipande vikiwa vimekutana, unagusisha brashi kwenye mshono, na gundi inajivuta yenyewe ndani. Ya pili ni supaglu kwa chuma na kwa sehemu zilizopakwa rangi. Ya tatu ni gundi nyeupe ya maseremala kwa vioo, kwa kuwa mvuke wa supaglu huacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu na ukungu huo hautoki.

Rangi za makopo ya modeli, mfano Tamiya TS, ndizo salama zaidi. Rangi za magari za dukani zinawezekana, lakini tina ya NC iliyomo ndani yake inayeyusha plastiki ya modeli kama inavyoyeyusha rangi kuukuu. Ukizitumia, lazima kwanza kuwe na praima (rangi ya msingi) ya kutosha, kisha rangi ipigwe kama vumbi, tabaka jepesi juu ya jingine. Na rangi za metaliki za magari zina tatizo jingine ambalo watu hulisahau: chembe zake zimesagwa kwa ajili ya gari la mita tano. Juu ya gari la sentimita 21 kila chembe inaonekana peke yake, na Charger inageuka kuwa pambo la Krismasi.

Kliya, yaani tabaka angavu la juu ya rangi, ya aina ya 2K, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), inang'aa kupita zote. Pia ina aisosayaneti, kemikali zenye sumu kwa mapafu, ambazo si za kuchezea sebuleni. Kama huna barakoa ya mvuke na mahali pa wazi, iache.

Siku ya kwanza: kuosha, kukagua, kusimamisha kwa tepu

Osha fremu zote za plastiki kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Kalibu hupakwa mafuta ili plastiki itoke, na mafuta hayo yakibaki rangi haitashika. Acha vikauke vyenyewe.

Matairi ya mpira yatoe kwenye mfuko wa pamoja mara moja. Mpira huo laini una kemikali inayotoka polepole na kula plastiki ngumu iliyo karibu. Ukifungua seti ya zamani ukakuta kioo cha mbele kina kovu la mviringo, ujue tairi lilikilalia.

Kata vipande vikubwa tu: bodi, boneti, chasisi, sakafu ya ndani, ekseli na magurudumu. Usivunje kwa kuzungusha. Kata mara mbili, kwanza mbali na kipande, kisha karibu, na kisiki kilichobaki kiondoe kwa msasa. Ukikata pale pale kwenye kipande, koleo hubana plastiki na kuacha alama nyeupe iliyozama ndani.

Sasa unganisha gari lote kwa tepu bila tone la gundi, uliweke mezani na ulitazame kwa usawa wa jicho. Je, magurudumu yako katikati ya matao? Je, moja linaelea? Gari la aina hii linatakiwa kukaa na makalio juu kidogo kuliko pua. Kama pua imenyanyuka, huu ndio wakati wa kusaga milimita moja mahali ekseli ya mbele inapokaa. Jaribu boneti: mwanya wake na bodi uwe sawa pande zote. Kila utakachokigundua leo kinarekebishwa kwa msasa, ilhali ukikigundua baada ya rangi utakuwa umeharibu rangi.

Bodi

Bodi hutoka kwenye kalibu ya vipande kadhaa, na pale vipande hivyo vilipokutana hubaki mshono, mstari mwembamba uliosimama. Kwenye bodi nyingi unapita juu ya matao ya mbele na ya nyuma, na kwenye nguzo za paa. Uinamishe bodi chini ya taa moja ya pembeni na utauona. Uparue kwa mgongo wa wembe, kisha msasa namba 400, kisha 600, ukitumia maji. Charger ina nguzo za nyuma za paa zinazotelemka hadi kwenye buti huku kioo kikiwa kimezama katikati, na kona hizo za ndani ndizo watu huziruka. Zungushia kipande cha msasa kwenye kijiti cha meno uingie.

Vibonyeo vidogo vijaze kwa puti ya modeli. Puti ya polyesta ya mafundi gari nayo inafanya kazi, tumia kidogo mno na uisubiri ikauke sawasawa, isije ikazama baadaye chini ya rangi.

Mistari ya milango na buti ichimbe upya kabla ya praima. Pitisha mgongo wa wembe ndani ya mstari taratibu, mara kadhaa, bila kukandamiza. Rangi itakayofuata ina unene, na unene huo ukiuzidisha kwa 25 utashangaa: rangi ya sehemu moja ya kumi ya milimita juu ya modeli ni sawa na milimita mbili na nusu juu ya gari halisi. Mistari isiyochimbwa hujaa, na milango inaonekana kama imechorwa kwa penseli.

Kabla ya praima kuna kazi ndogo inayolipa. Nembo zilizochongwa kwenye bodi, kama maandishi ya Charger na R/T, zifunike kwa kipande cha foili nyembamba yenye gundi, Bare-Metal Foil, ukiikandamiza hadi kila herufi ijitokeze. Kisha puliza rangi juu yake kama kawaida. Rangi ikishakauka, chukua kitambaa kilichokazwa kwenye ncha ya kidole, kilowe kidogo tu kwa tina ya rangi hiyo, upitishe juu ya herufi. Rangi inatoka kwenye vilele pekee, chuma kinachungulia, na unapata nembo kali kuliko brashi yoyote inavyoweza.

Praima ya kijivu inafaa rangi nyingi. Nyekundu na njano zinahitaji nyeupe chini yake. Kama plastiki ya seti yenyewe ni nyekundu, tahadhari: rangi ya plastiki inaweza kupanda ikageuza bodi nyeupe kuwa ya waridi. Tabaka la rangi ya fedha chini ya praima hulizuia hilo. Praima ikikauka, isugue kwa namba 1000 na maji. Itakuonyesha mikwaruzo uliyodhani umeiondoa. Rudi, sugua, puliza tena. Hapa usihesabu muda.

Rangi ya bodi ichague kwa mwaka. Nyekundu, nyeupe, bluu au kijani cha metaliki kwa Charger ya 1968 hakuna atakayekupinga. Zambarau ya Plum Crazy inavutia, ila Dodge waliileta 1970, na wapenzi wa magari haya wataiona makosa kabla hawajakusalimu.

Pasha kopo kwenye bakuli la maji vuguvugu kwa dakika chache, kamwe si kwenye moto wala maji yanayochemka. Joto huongeza msukumo na rangi inatoka laini. Shika bodi kwa waya wa hanga uliokunjwa ndani yake, simama sentimita 15 hadi 20, anza kupuliza nje ya bodi, pita, na uachie kitufe ukiwa umeshaivuka. Tabaka mbili za kwanza ziwe za vumbi tu, plastiki bado ionekane. Subiri dakika kumi hivi kati yake. Kisha tabaka mbili zilizolowa, ambapo mwanga wa taa unaanza kujiona kwenye mlango kama kwenye kioo. Hapo simama. Tabaka moja zaidi ya tamaa ndiyo hutiririka.

Kwa wa pwani: usipulize siku ya mvua za masika wala usiku wenye unyevu. Rangi ya laka, ile inayokauka haraka kama Tamiya TS, ikikutana na hewa nzito hunasa maji na kugeuka nyeupe kama maziwa. Saa nne au tano asubuhi, siku kavu, ndani ya kivuli kisicho na vumbi, ndiyo saa yake.

Kuna jambo la Dodge hapa ambalo huamua usafi wa kazi. Kwenye magari ya Chrysler ya wakati huo, chumba cha injini kilipakwa rangi ya bodi. Kwa hiyo ukuta wa nyuma ya injini na matao ya ndani vipulizwe siku ile ile na bodi, kwa kopo lile lile. Ukijenga Chevelle, Camaro au Mustang, chumba hicho ni cheusi.

Laka ikae siku mbili tatu, na rangi ya enameli wiki nzima au zaidi. Kipimo ni pua: ikiwa bado inanuka, haijakauka, hata kama haishiki kidole.

Baada ya rangi inafuata milia ya stika mkiani. Kata, tia kwenye maji vuguvugu hadi iteleze yenyewe juu ya karatasi, weka tone la maji juu ya bodi, isogeze mahali pake kwa brashi. Anza katikati ya buti, pima pande zote mbili, ndipo uishushe ubavuni. Ikikataa kukaa kwenye mkunjo, dawa ya stika iitwayo Micro Sol itailainisha. Inakunjamana kwanza ukaogopa, usiiguse, itajinyoosha. Siki nyeupe iliyozimuliwa husaidia kidogo kwa asiye na Micro Sol. Ikikauka usiku mzima, puliza kliya, tena kwa kuanzia na vumbi, kwa sababu kliya nzito ya laka huchoma stika.

Kliya ikiwa ngumu kabisa, sugua kwa 1500 na 2000 na maji mengi, ukiepuka kabisa kingo na vilele, ambako rangi ni nyembamba na inatoboka kwa misuguo miwili. Malizia kwa polishi laini ya magari na kitambaa cha fulana kuukuu.

Injini, wakati bodi inakauka

Hemi 426 ilipakwa chungwa, na vifuniko vyake vipana vya vali vilikuwa vyeusi vyenye mikunyato, kwa hiyo tumia nyeusi isiyong'aa. 440 Magnum ya mwaka huo ni turkozi. Chevrolet ni chungwa ya kwao, Ford bluu iliyokolea, Pontiac bluu nyepesi ya metaliki. Giaboksi ya otomatiki haikupakwa, iache rangi ya alumini. Manifoldi za ekzosi ni chuma cha kalibu: kijivu kisichong'aa chenye wekundu kidogo wa kutu. Ukipaka kila kitu kwa mng'ao mmoja, injini inabaki mwanasesere. Tofauti ya mng'ao kati ya vipande inafanya kazi kubwa kuliko tofauti ya rangi.

Seti nyingi hazina nyaya za plagi, na hizo ndizo huamsha injini ya modeli. Waya halisi wa plagi una unene wa milimita 7 au 8, kwa 1/25 ni karibu milimita 0.3. Uzi mmoja wa waya wa simu ya zamani au wa hedifoni unakaribia hapo. Toboa distribyuta kwa kekee ndogo ya mkono: matundu manane kuzunguka na moja katikati kwa ajili ya koili. Kwenye Chrysler kubwa distribyuta iko mbele ya injini, vilevile kwenye Ford. Chevrolet na Pontiac wameiweka nyuma, karibu na ukuta. Kwenye Hemi nyaya huingia katikati ya vifuniko vya vali, nne kila upande. Mwenye kutaka usahihi kamili afuate mpangilio wa kuwaka, yaani zamu ya kila silinda kupata cheche: 1-8-4-3-6-5-7-2 kwa Chrysler, Chevrolet na Pontiac.

Ukisha, changanya rangi nyeusi na kahawia, izimue hadi iwe kama maji ya chai, uiache iingie kwenye mapezi na kona za bloku, na ufute juu.

Chini na ndani

Chini ya gari si pa kukaa sana, ila usipake nyeusi tupu. Sakafu za Dodge zilikuwa na praima iliyopitiwa na vumbi la rangi ya bodi kutoka pembeni. Puliza praima, kisha elekeza kopo la rangi ya bodi pembeni pembeni. Tangi la mafuta liwe rangi ya bati, springi za majani kijivu cha chuma, ekzosi fedha iliyofifia.

Ndani, viti na milango vipake nyeusi yenye mng'ao hafifu wa ngozi, zulia jeusi lisilong'aa kabisa. Dashibodi ipake yote nyeusi, kisha gusa nambari za geji kwa ncha ya kijiti cha meno chenye rangi nyeupe, karibu kikavu. Tone la kliya juu ya kila geji likikauka linakuwa kioo chake.

Nikeli

Bampa na rimu huja zimeshapakwa nikeli kiwandani. Tatizo ni kwamba gundi haishiki juu ya nikeli, kwa hiyo paruza pale pa kugundisha hadi plastiki ionekane. Kama bampa lina mshono mbaya au nikeli imebabuka, lizamishe kwenye Jik: tabaka la chuma huyeyuka, mara nyingi ndani ya dakika chache. Fanya penye hewa, na usiichanganye na kemikali nyingine ya usafi. Baadaye lisugue, lipake nyeusi inayong'aa na umalizie kwa rangi ya kromu, Alclad au kalamu ya Molotow.

Fremu za vioo ni za foili, na zifanyike baada ya polishi. Kata ukanda mpana mara mbili ya unaohitajika, kwa wembe mpya. Ulaze bila kuunyoosha kwa nguvu. Ukandamize kwa pamba ya masikio, kisha kwa kijiti cha meno kilichokatwa ncha, ukiupeleka ndani ya mfereji wa pande zote mbili hadi umbo la fremu lijitokeze lenyewe. Ndipo pitisha wembe, ukiulaza na kuufuata mfereji kama reli, kwa uzito wa wembe peke yake. Ukikandamiza utakata rangi. Vuta ziada polepole kwa kibano. Kona ziwekewe kipande chake, usijaribu kuzungusha ukanda mmoja kioo kizima. Wembe ukianza kurarua foili badala ya kuikata, umekwisha makali, badilisha.

Mfuniko wa mafuta juu ya ubavu wa kushoto wa nyuma usisahaulike. Kwenye Charger ya 1968 ni wa nikeli na unaonekana kutoka mbali.

Kufunga gari

Vioo vinatangulia, kutoka ndani, kwa gundi nyeupe. Kisha sakafu ya ndani, kisha chasisi. Chasisi huingia kwa shida. Panua bodi kwa vidole gumba taratibu, ingiza nyuma kwanza, kisha mbele. Ukisikia plastiki inalia, toa na utafute kilichokwama, mara nyingi ni rejeta au ncha ya ekzosi.

Shoo ya mbele ya Charger haina taa za kuonekana, zimefichwa nyuma ya vifuniko, kwa hiyo kazi yote ni nyeusi isiyong'aa kwenye mianya. Taa za nyuma zipake fedha kwanza na nyekundu angavu juu yake. Bila fedha chini zinaonekana kama madoa ya rangi. Matairi yasugue kwa msasa namba 400 ili weusi unaong'aa utoke, na mstari mwekundu ubavuni ni sahihi kwa zama hizo. Kabla ya kuyavisha, paka rimu ndani tabaka moja la gundi nyeupe na uliache likauke, liwe kizuizi kati ya mpira na plastiki.

Gundisha gurudumu moja moja gari likiwa limekaa juu ya kipande cha kioo, yote manne yaguse. Saitimira, waipa na antena ziwe za mwisho kabisa, kwa kuwa kila utakaposhika gari kabla ya hapo utazivunja. Likikaa kabatini, liepushe na jua la dirishani, na chini ya kila tairi weka kipande kidogo cha foili ya jikoni kama sakafu ya kabati ni ya plastiki.